Salamu kwa Bi Sanu

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya chai, Rehma huwasha televisheni, huchukua padi ya gemu, na huzunguka meli nzima akisalimia watu. Huanzia chini kabisa, kwenye injini, anakofanya kazi Dashka, fundi mwenye mikono minne. Hupanda hadi ghala la silaha kumwona Orm. Hupita jikoni, huenda mbele kwa rubani Tolin, kisha hugeuka nyuma na kumalizia zahanatini, kwa daktari. Mbele ya kila mmoja husimama, hubonyeza kitufe, na hungoja ajibiwe ndipo asogee.

Wote walimaliza maneno yao zamani. Gemu hii imetengenezwa hivyo: kila mtu wa meli ana hadithi yake, na ukishaisikiliza yote, hubakiwa na sentensi moja tu ambayo ataisema kila ukimfikia. Dashka husema, "Injini inapumua, Nahodha." Orm husema, "Niko tayari." Tolin husema nyota hazijahama. Rehma anazijua sentensi hizo kama anavyojua mlio wa mlango wake, na bado huzisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha huzima, hunywa chai ya rangi akiwa amesimama, hufunga mtandio, na kuondoka kwenda dukani. Anauza vitambaa na mabuibui katika duka la mjomba wake mjini.

Nayajua haya kwa sababu ninaishi upande wa pili wa ukuta. Nyumba yetu ya Kaloleni, hapa Kisumu, ilikuwa moja, ikagawanywa, na ukuta uliowekwa katikati ni mwembamba kiasi kwamba mwenzako akikoroga sukari unasikia. Nilihamia hapa wakati mama yake bado yuko hai. Mimi si mwepesi wa kuuliza watu mambo yao. Mengi ya haya nilisikia kwanza, nikaelewa baadaye.

Gemu ni tatu, na zote ni hadithi moja ya meli ya angani iitwayo Halmora. Ukimtendea mtu wema katika ya kwanza, atakukumbuka katika ya pili. Ukimwudhi, hatakuja kukusaidia katika ya tatu. Mashine na gemu ziliachwa na Huzaifa, kaka yake Rehma, alipopata kazi Qatar. Aliondoka wakati wa Korona, akaahidi kwamba akirudi likizo atazichukua. Hajarudi likizo. Rehma, ambaye hakuwahi kucheza gemu yoyote maishani, aliiwasha siku moja ili mama yake asikie ndani ya nyumba sauti nyingine isiyokuwa yake.

Mama Huzaifa, kama tulivyomwita wote, alikuwa na sukari, na macho yake yalikuwa yamebaki kuona rangi na vivuli. Kutwa nzima alikaa kwenye kochi lake karibu na dirisha. Baba yao alikuwa mtu wa ukoo wa pwani uliokuja na reli. Mama mwenyewe alizaliwa Katito kwa mama Mjaluo, akasilimu alipoolewa. Kiingereza hakukijua. Kwa hiyo Rehma alicheza na kutafsiri, na mama akasikiliza na kutoa amri.

"Hao ni kina nani?"

"Ni watu wa meli, Mama. Mimi ndiye nahodha wao."

"Umewasalimia?"

"Ni gemu, Mama. Twende tukapigane."

"Ang'o! Ati nini? Utoke nyumbani asubuhi, upite watu bila salamu, uende vitani? Nani alikulea? Rudi."

Rehma akarudi. Ndivyo ule mzunguko ulivyoanza.

Daktari wa meli anaitwa Isanu. Ni wa watu ambao hawawezi kuvuta hewa yetu, kwa hiyo hufunika mdomo na pua kwa kifaa cheusi, na huvaa joho jeusi linalofika chini. Sauti yake hupitia kwenye kile kifaa, haina ukali wala ulaini. Ni kama ile sauti ya benki inayoita namba za foleni. Mama Huzaifa aliona kivuli kirefu cheusi kilichojifunika vizuri.

"Bado wana Korona huko?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Wanavaa hivyo siku zote."

"Wanavaa kwa heshima. Muulize habari za nyumbani."

Katika zahanati kuna kiti kitupu kando ya dirisha. Nahodha anaweza kuuliza kiti hicho kilikuwa cha nani, na daktari hujibu kwamba kilikuwa cha mke wake, aliyefariki, na kwamba hawezi kukihamisha. Isanu ni mwanamume. Kiingereza kinasema hivyo waziwazi. Lakini Rehma alikuwa akitafsiri haraka, maandishi yakimkimbia chini ya kioo cha televisheni, na alichosema ni hiki: "Anasema kilikuwa cha mwenzake. Alifiwa na mwenzake."

Mama Huzaifa akaigeukia televisheni. "Masikini," akasema. "Mjane kama mimi."

Rehma aliniambia kwamba alifungua mdomo kumsahihisha, ila daktari alikuwa bado anaongea, na akaona amalize kwanza kutafsiri. Alipomaliza, mama yake alikuwa ameshasogea mbele kwenye kochi.

"Ana watoto?"

"Mmoja. Yuko mbali."

"Hapigi simu?"

"Anatuma ujumbe mara mojamoja."

"Wote wako hivyo. Mwambie asihesabu siku, ataumwa na kichwa. Anaitwa nani?"

"Isanu."

"Bi Sanu," akasema Mama Huzaifa. "Mosna Bi Sanu." Nisalimie Bi Sanu.

Basi ikawa Bi Sanu. Kwa Kiswahili "yeye" ni yeye tu, na hata mama alipogeuza akauliza kwa Kijaluo, lugha hiyo nayo haikumsaliti mtu. Wiki ya kwanza Rehma alingoja nafasi ya kusema ukweli. Wiki ya pili mama yake alianza kumwekea Bi Sanu maneno: kwamba mvua imenyesha, kwamba ngege, samaki wa Dunga, siku hizi ni wadogo kama kiganja na bei yake haishikiki, kwamba mguu umeacha kuuma. Rehma alibonyeza kitufe, daktari akasema lolote aliloandikiwa kusema, na Rehma akalitafsiri kwa namna ya kulijibu neno la mama.

"Mwambie siku moja aje tule samaki."

"Hawezi kuvua ile kitu mdomoni, Mama."

"Basi nitamfungia abebe."

Nilikuwa nikisikia vicheko vyao kupitia ukutani wakati nasahihisha insha za watu, kazi niliyokuwa nikifanya tangu nimalize chuo. Wakati mwingine nilisimamisha kalamu ili nisikose neno. Na jioni, Rehma akirudi kutoka dukani, nilimsikia akitoa salamu mlangoni, "Assalaam alaikum," na mama yake, hata akiwa amesinzia, akiitikia kutoka kwenye kochi: "Waalaikum salaam. Nipo, pita ndani."

Maneno ya daktari yalipokwisha, katikati ya gemu ya pili, akabaki na sentensi moja kama wengine. Kwa Kiingereza anasema tu kwamba yupo na mlango hauna kufuli. Rehma alimtafsiria mama yake hivi: "Anasema, Nipo, pita ndani." Mama Huzaifa alifurahi sana. "Unaona? Ana adabu ya watu wa kwetu."

Walifika mwisho wa gemu ya tatu mwaka ule ule Mama Huzaifa alipoanza kulazwa mara kwa mara. Mwishoni meli imefungwa kwenye kituo kinachoungua, na lazima mmoja abaki ndani kuushikilia mlango ili kituo kipone na wengine waondoke. Daktari anajitokeza. Anasema, nitabaki mimi, Nahodha. Hapo gemu inakupa njia mbili: umkubalie, au urudi kwenye meli ukajipange upya.

Rehma alitafsiri yote bila kuruka kitu. Mama yake akatikisa kichwa.

"Rudi kwanza. Usimwache mwenzangu peke yake."

Rehma akarudi. Wiki hiyo mama alipelekwa hospitali, na hakurudi nyumbani. Tulimzika Kisumu, Huzaifa akiwa kwenye simu ya video iliyoshikwa juu na binamu yake Mukhtar.

Tangu hapo Rehma amekuwa akicheza peke yake. Huanza gemu ya kwanza, huenda ya pili, huenda ya tatu, hufika kwenye ule mlango, hurudi nyuma, na kuanza tena upya. Kila mara hujaribu majibu mengine. Amekuwa nahodha mkali, amekuwa nahodha mpole, amemchagua huyu na kumkataa yule. Kila mara, mlangoni, daktari husogea mbele na kusema atabaki yeye. Kila mara Rehma hukumbuka amri ya mama na hawezi kubonyeza. Hivyo, hadi mwaka jana, hakuwa amewahi kuona mwisho wa hadithi aliyoicheza kwa miaka.

Mwaka jana kitufe cha padi kilikufa, tukaenda naye Jumamosi kwa Wendy Wamaitha, anayetengeneza simu na mashine za gemu katika kibanda karibu na stendi. Wendy ni mtu wa Nyeri aliyezaliwa Kisumu, na mdomo wake haupumziki. Aliifungua padi, akaichungulia, akamtazama Rehma.

"Dada, hii padi ni ya ajabu. Vitufe vya kupiga risasi vipya kabisa, kama vya dukani. Hiki kimoja tu ndicho kimekwisha. Wewe hupigani?"

"Napigana ikibidi."

"Sasa hiki unakifanyia nini?"

"Nasalimia."

Wendy alicheka hadi bisibisi ikamwanguka. Mteja aliyekuwa akingoja simu yake akaomba aelezwe naye acheke. Rehma alitabasamu huku akitazama chini, na kwa sababu alikuwa ameshachekwa tayari, akaeleza. Alieleza habari za meli, za daktari, za mlango. Hakueleza habari za mama yake. Wendy aliacha kucheka polepole.

"Halmora? Hiyo gemu niliimaliza nikiwa chuo. Wewe umeimaliza mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Ngai! Kwa sababu ya daktari? Lakini kuna njia ya kumwokoa, mbona. Watu waliandika mtandaoni kitambo."

Rehma akauinua uso. "Njia gani?"

"Usimwongeleshe." Wendy aliipuliza padi vumbi. "Daktari anajitolea kwa sababu ni rafiki yako. Na anakuwa rafiki yako kuanzia ile stori ya kiti, kwa gemu ya kwanza. Usiulize kiti ni cha nani. Usiingie kwake kabisa. Ukifika mwisho hatasema kitu. Kituo kitalipuka, sawa, lakini watu wa meli wote wanarudi, na yeye anarudi nao. Ni rahisi."

"Nisimsalimie?"

"Hata jambo."

Tukaanza kurudi. Tulipofika karibu na msikiti Rehma aliniuliza kama mimi ningeweza. Nilisema sijui. Nilikuwa nasema kweli. Mama yake alitaka Bi Sanu asiachwe peke yake kule mlangoni, na sasa njia ya kumtoa ilikuwa moja tu, kumwacha peke yake tangu siku ya kwanza.

Alianza Jumatatu. Nilisikia muziki wa mwanzo, halafu Dashka, halafu Orm, halafu rubani na nyota zake. Kisha kimya ambacho sikukizoea, na televisheni ikazimwa.

Aliniambia jambo ambalo Wendy hakumwonya. Milango ya meli hufunguka yenyewe ukipita karibu. Zahanati iko kwenye ujia wa kwenda jikoni, hakuna njia nyingine. Kila asubuhi nahodha akipita, mlango ule ulifunguka kwa pumzi yake ndogo, na daktari, aliyekuwa ameinamia meza, aliinua kichwa. Alikaa hivyo akimtazama. Nahodha alipopita, mlango ulijifunga.

"Ananiangalia," Rehma alisema.

"Wametengenezwa hivyo," nikasema. "Wote huinua kichwa."

"Najua."

Alicheza hivyo masika yote. Alijifunza kukimbia akifika pale, ili mlango usipate nafasi ya kufunguka wote. Alizidi kukonda, au labda ni mtandio mweusi aliokuwa akiuvaa siku hizo. Dukani, shangazi mmoja aliyefuata kitambaa cha arusi alimwuliza kama anaumwa. Mchana Rehma alipiga simu Qatar mara mbili, Huzaifa hakupokea. Jioni ikaja picha ya sahani ya biriani na alama ya moyo.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili. Aligonga ukutani kwa vidole, jambo ambalo halikuwa desturi yake, nikaenda. Nilikaa chini kwenye zulia. Kochi la karibu na dirisha hakuna aliyewahi kunikataza, lakini sikulikalia. Kituo kiliwaka moto kwenye kioo. Watu wa meli walikusanyika mlangoni, na Rehma aliishika padi kwa mikono yote miwili. Nahodha aliuliza nani atabaki. Orm alitazama chini. Tolin alitazama pembeni. Daktari alikuwa amesimama nyuma kabisa na mkoba wake, akanyamaza.

Mlango ukafungwa na mashine. Kituo kikalipuka. Halmora ikaondoka na watu wake wote.

Baada ya moto kulikuwa na bandari nyeupe, na watu wa meli wakashuka mmoja mmoja wakiagana na nahodha. Dashka alimkumbatia kwa mikono minne. Orm alilia. Daktari alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya nahodha katika lile joho lake refu, na ile sauti isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ikasema maneno machache. Nilikijua Kiingereza chake, lakini Rehma alitafsiri kwa sauti, kama aliyesahau aliyekuwa naye chumbani.

"Anasema, Ahsante kwa kunibeba, Nahodha. Samahani, sikuwahi kulijua jina lako."

Kisha akaenda na mkoba wake kati ya wapita njia wengine, na majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda.

Simu ya Rehma ikaita. Alikuwa Wendy, ambaye alikuwa ameahidiwa habari, na sauti yake ilijaa chumba.

"Haya, umemwokoa?"

"Nimemwokoa."

"Si nilikwambia! Sasa mbona sauti ya matanga? Furahi basi!"

"Nimefurahi, Wendy. Ahsante sana."

Alifunga simu, akaikunja waya ya padi vizuri, akaiweka juu ya mashine. Alinitengenezea chai na kunisindikiza mlangoni. Wiki ile yote sikusikia kitu asubuhi. Nilimsikia akisali, akifungua bomba, akifunga mlango. Jioni nilimsikia akirudi. Kila jioni alisimama kizingitini akasema, "Assalaam alaikum," kama alivyofundishwa, kwa kuwa nyumba huingiwa kwa salamu hata ikiwa tupu. Kisha alikaa pale pale kidogo, viatu vikiwa bado miguuni, ndipo akaingia. Nilitamani niitikie kutoka upande wangu. Nilifungua mdomo hata mara mbili. Niliona haya, na wakati ukapita.

Jumatatu iliyofuata, kukiwa bado na giza kidogo, nikausikia muziki wa mwanzo.

Nilikuwa nimenunua mahamri jioni iliyopita kwa mama wa barabarani, nikayachukua kama kisingizio, nikaenda. Mlango ulikuwa wazi. Rehma alikuwa kwenye mkeka wake wa sala, mtandio haujakaa sawa, amekunja miguu, padi mkononi. Alikuwa ameruka injini na ghala na kila kitu. Alikuwa ameenda zahanati moja kwa moja. Daktari aliinua kichwa, na safari hii nahodha hakupita. Kiti kitupu kilikuwa pale dirishani, na kwenye kioo lilitokea lile swali, kilikuwa cha nani.

Akabonyeza.

Daktari alianza kueleza. Rehma alisogea mbele, kiwiko gotini, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani, na midomo yake ilikuwa ikitafsiri polepole bila sauti. Niliweka mahamri juu ya meza. Nilingoja daktari amalize. Halafu nikauliza, na katika miaka yote ya ule ukuta, hilo ndilo swali pekee nililowahi kumwuliza.

"Dada Rehma, unajua atabaki kule mlangoni. Mbona unamsalimia?"

Hakugeuka. Aliyavuta mahamri karibu.

"Kwa sababu anaitika," akasema.